Sanduku la Seremala wa Birere

Ukitaka kuujua mji, tafuta kwanza mahali ambapo watu wake hununua misumari. Katika mji wa Goma mahali hapo ni Birere, nami napenda kuwaeleza jinsi nilivyokwenda huko na karatasi ndefu, nikarudi na sanduku fupi.

Ilikuwa mwezi wa Agosti 2023, shule zikiwa zimefungwa. Nilipanda meli huko Bukavu wakati wa jioni, tukasafiri usiku kucha juu ya ziwa Kivu, kisiwa cha Idjwi kikionekana gizani kama mnyama mkubwa aliyelala. Mfukoni nilikuwa na akiba ya miezi saba, iliyokatwa kidogo kidogo katika mshahara wa mwalimu. Pamoja nayo nilikuwa na orodha ya vyombo 32 vya useremala. Nia yangu ilikuwa kufungua karakana ndogo nyuma ya nyumba. Sikukusudia biashara. Nilitaka kazi ya saa za jioni na siku za likizo: kutengeneza viti na kabati za nyumbani, na kuwafundisha wanangu wawili kazi ya mikono, wasije wakakua wakijua kushika kalamu tu. Mke wangu alikubali akiba ile itumike, lakini aliponisindikiza bandarini aliniambia, "Baba watoto, hatuna fedha nyingine. Usituletee chuma cha kutupa."

Orodha yangu niliinakili katika kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya ambao hufanya useremala kwa kujifurahisha. Mlikuwa na randa za namna tano, patasi za upana tisa, misumeno sita, na vyombo vingine ambavyo hata majina yake sikuyafahamu. Nikadhani kwamba fundi ni yule mwenye vyombo vingi.

Alfajiri tukafika Goma. Mlima Nyiragongo, wenye urefu wa mita 3,470, ulikuwa umesimama nyuma ya mji na wingu lake kichwani. Nikachukua pikipiki kwenda Birere.

Birere ni jina ambalo watu hulitumia kwa mitaa kadhaa iliyosongamana karibu na mpaka wa Rwanda, hata mtu akivuka hatua chache tu tayari yumo Gisenyi. Katika Kinyarwanda, "ibirere" ni majani makavu ya mgomba, na wenyeji husimulia kwamba nyumba za kwanza za hapo zilijengwa kwa majani hayo. Siku hizi nyumba nyingi ni za mbao, zimeezekwa bati, nazo zimebanana sana, hata moto ukishika moja huzila jirani zake kabla watu hawajapata maji. Chini ya miguu hakuna udongo mwingi. Mtu hukanyaga jiwe jeusi lenye matundu matundu, ambalo zamani lilikuwa moto wa mlima. Maduka ya vyuma yamepangana bega kwa bega: makufuli, bawaba, misumari kwa kilo, bati, kamba, rangi, na misumeno inayong'aa iliyotundikwa milangoni.

Katikati ya msongamano ule hupita chukudu. Msomaji asiyeijua afikiri gari la magurudumu mawili, lote la mti, lenye usukani kama pembe za ng'ombe. Urefu wake ni kama mita 2. Magurudumu huvikwa mpira wa gari lililochakaa, na mahali ambapo msukumaji huweka goti lake hupigiliwa kipande cha mpira. Hubeba kilo 400 na zaidi: viazi, makaa, saruji, mbao. Watu wa Goma wanaiheshimu hata wamemsimamishia msukumaji wake sanamu ya rangi ya dhahabu katika mzunguko mmoja wa barabara. Nilisimama kumtazama kijana mmoja aliyekuwa akiitengeneza. Alikuwa na shoka, tezo, panga, nyundo na patasi moja. Kwa vyombo hivyo vitano alikuwa akichonga gari kutoka gogo la mkaratusi. Nikaingiza mkono mfukoni, nikaigusa karatasi yangu, nikaona haya kidogo.

Karibu na hapo palikuwa na karakana ya mzee mmoja, nayo ni chumba cha mbao kilichowekwa juu ya mawe meusi. Nikapiga hodi.

"Karibu, mwalimu," akasema. Sikujua amenitambuaje; labda kwa sababu ya kalamu mbili zilizokuwa katika mfuko wa shati.

"Mzee, shikamoo. Nimekuja kununua vyombo, naogopa kudanganyika."

Akaomba orodha, akaisoma polepole mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, "Na mlima ukija, haya yote utayabeba juu ya kichwa cha nani?"

Nikacheka, nikidhani ananifanyia mzaha. Yeye hakucheka. Akavuta kutoka chini ya meza ya kazi sanduku la mbao, lenye urefu wa sentimita 75 hivi, na mshipi wa ngozi wa kulivalia begani. "Hili," akasema, "ndilo lililonilisha."

Ndipo akanisimulia habari za tarehe 17 Januari 2002, siku ya Alhamisi. Asubuhi ubavu wa mlima ulipasuka, na alasiri mto wa moto uliingia mjini. Ulipita katikati ya Goma, ukateketeza Birere na mitaa ya maduka, ukalivunja kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, na usiku ukaingia ziwani. Karibu asilimia 13 ya mji ilifunikwa. Watu mamia ya maelfu walikimbilia Rwanda kwa miguu. Mzee alikuwa na jirani seremala, mtu tajiri kuliko yeye, mwenye mashine ya kupasua mbao na nyingine ya kulainisha. Mashine hazibebeki. Zimebaki chini ya jiwe mpaka leo, na nyumba ya mtu mwingine imejengwa juu yake. Mzee mwenyewe alivaa sanduku begani, akamshika mke wake mkono, akaenda Gisenyi.

Baada ya siku chache watu walianza kurudi, wakitembea juu ya jiwe ambalo lilikuwa bado na joto. Kila mmoja alihitaji nyumba, na nyumba ya haraka ilikuwa ya mbao. "Basi," akasema mzee, "mwenye msumeno hakulala njaa." Tena mnamo tarehe 22 Mei 2021 mlima ulitoka mara nyingine. Moto ulikoma Buhene, ukingoni mwa mji, lakini ardhi iliendelea kutetemeka, na tarehe 27 Mei wenye mamlaka waliamuru mitaa mingi ihamwe. Mzee akavaa tena sanduku lake.

Nikamwomba anifundishe kuchagua. Akachukua kalamu, akafuta majina katika orodha yangu mpaka yakabaki saba. Kisha tukatoka kwenda madukani, yeye mbele na mimi nyuma kama mwanafunzi.

Kitu cha kwanza kilikuwa msumeno. Mimi nilikwisha kuushika mmoja wenye mpini wa rangi, mzuri kwa macho. Mzee akanionyesha meno yake: ncha zilikuwa na weusi wa buluu. Meno ya namna hiyo yamepashwa moto kwa umeme na kupozwa kiwandani, hata yakawa magumu kuliko tupa. Hukata vizuri sana yakiwa mapya, lakini yakiisha makali hayanoleki, msumeno hutupwa. Nikayakumbuka maneno ya mke wangu, nikaurudisha mahali pake. Mzee akatafuta mwingine, wenye meno ya rangi ileile ya chuma chote, saba au manane katika inchi moja. Akaushika ncha, akaupinda kama upinde, akauachia. Ulirudi ukanyooka sawasawa. Akautazama kwa urefu kama mtu alengaye bunduki, akatikisa mpini kuona kama umekazwa. Ndipo akasema, "Huu, pamoja na tupa ya pembe tatu, utawaachia wanao."

Tena akanieleza jambo ambalo masermala wengi wa jioni hawalijui. Meno ya kukata mbao kwa kupingana na nyuzi hunolewa kwa mshazari, yawe kama visu vidogo. Ya kupasua kwa urefu wa nyuzi hunolewa kwa kunyooka, yawe kama patasi ndogo. Mtu mwenye msumeno mmoja na achague ule wa kukata. Kazi ya kupasua mbao kubwa, na ya kulainisha mbao ndefu za mlango, aipeleke kwa wenye mashine, alipe kidogo, arudi nyumbani na mbao iliyo tayari. Hakuna sababu ya kununua mashine kwa ajili ya viti vinne kwa mwaka, hasa mahali ambapo umeme huja na kuondoka upendavyo.

Cha pili ni randa. Hapo tulikiacha kipya tukaenda kwa wauza vitu vilivyotumika, ambavyo huwekwa chini juu ya gunia. Nilishangaa, lakini mzee akanikumbusha methali, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Randa za chuma za siku hizi, karibu zote, zafuata muundo uliobuniwa na Mmarekani Leonard Bailey katika karne ya 19. Kwa hiyo, akasema, ya zamani na ya sasa zafanana kwa umbo, na tofauti imo katika chuma. Akachagua moja ya urefu wa sentimita 35, yenye kisu cha upana wa sentimita 5, kwa kuwa ukubwa huo hufaa kwa kunyoosha na pia kwa kulainisha. Ilikuwa imejaa kutu. Kutu ya juu si neno, kwani hutoka kwa msasa na mafuta. Yafaa kuogopa mambo matatu: ufa karibu na mdomo wa randa, tumbo lililopinda, na kisu kilicholiwa na kutu mpaka vishimo vikafika kwenye makali. Akaweka ukingo wa kipimo juu ya tumbo la randa, akaiinua kuelekea jua, akaangalia kama mwanga unapenya. Haukupenya. Tukanunua.

Cha tatu ni patasi, na zile tisa zangu zikawa tatu: milimita 6, milimita 12 na milimita 25. Tundu la kuingizia ulimi wa mbao huwa kama theluthi ya unene wa mbao yenyewe. Basi kwa mguu wa kiti wenye unene wa sentimita 4 hivi, patasi ya milimita 12 yatosha, na kwa mbao nyembamba ile ya 6. Ile pana ni ya kusafisha. Mzee hakutazama mpini, maana mpini wa mti mtu aweza kujichongea. Alitazama mgongo wa chuma kama ni tambarare, akapitisha kona ya tupa karibu na makali. Tupa iliteleza badala ya kuuma, ndiyo dalili kwamba chuma kimepikwa ipasavyo.

Cha nne ni nyundo moja, na hapo shauri lake lilikuwa fupi: tazama nyuzi za mpini ziwe zimekwenda kwa urefu, tangu kichwani mpaka mkononi. Zikikatiza, siku moja kichwa kitaruka. Nyundo ya mti ya kugongea patasi ningeitengeneza mwenyewe kwa kipande cha mti mgumu.

Cha tano ni guni, yaani kipimo cha pembe mraba, pamoja na futi ya kupimia. Guni nyingi zilizotundikwa madukani zimepotoka, na jicho halioni. Dawa yake ni hii: weka guni ukingoni mwa ubao ulionyooka, chora mstari, kisha igeuze upande wa pili, chora mstari mwingine kutoka nukta ileile. Mistari ikilala mmoja juu ya mwingine, guni ni ya kweli. Ikiachana kama miguu ya mkasi, guni ni ya uongo, na kila kabati utakayoitengeneza itakuwa ya uongo pia. Mwenye duka alituvumilia tukijaribu guni nne juu ya meza yake. Ya nne ndiyo iliyosema kweli. Katika futi nilidhani nimegundua kasoro, maana kile kikulabu cha mwanzo kilikuwa kikicheza. Kumbe! Kimewekwa kicheze kusudi, kadiri ya unene wake mwenyewe, ili kipimo kiwe sawa ukivuta kutoka nje na ukisukuma kutoka ndani.

Cha sita ni keekee ya mkono na ncha chache za kutobolea. Na cha saba ndicho nilichokuwa sikukiandika kabisa katika majina yangu 32. Mzee alisimama katikati ya njia, chukudu zikitupita huku na huku, akaniuliza, "Mwalimu, utanoa kwa nini?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa tayari kutumia akiba yote kwa vyuma ambavyo baada ya mwezi mmoja vingekuwa butu, navyo vingelala sandukuni kama visu vya wageni.

Basi tukanunua kinoo chenye pande mbili, mmoja wa kuparuza na mmoja laini. Jiwe la volkano, ingawa Birere yote imejaa, halifai kwa kazi hiyo kwa sababu ya matundu yake. Tuliporudi karakanani mzee alinifundisha kunoa mpaka jua likashuka. Mteremko wa patasi uwe na urefu uliozidi kidogo mara mbili ya unene wa chuma. Mgongo ulale tambarare juu ya jiwe bila kuinuliwa hata kidogo. Makali yakiwa tayari, hukata nywele za mkono. Mwisho, akapaka mafuta kila chuma, akisema kwamba mvua ipitayo katika moshi wa mlima hubeba asidi, hula bati za nyumba kabla ya wakati wake, na haina huruma kwa randa.

Nilimlipa kwa siku yake, akapokea nusu, nusu akanirudishia, "ninunue mbao kavu, maana mbao mbichi itapinda na mtasema mzee alikudanganya." Niliporudi Bukavu, vitu vyote saba vilikuwa ndani ya sanduku moja nililoliweka magotini. Na theluthi ya akiba ilikuwa bado mfukoni, ambayo nilimrudishia mke wangu.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa meza ya kazi yenyewe, nzito, inayofika kwenye kifundo cha mkono wangu nikisimama wima. Ya pili ilikuwa kigoda. Kijana wangu mkubwa alikipigia randa, mdogo akashika guni na kutangaza kwa sauti kila pembe iliyokosa ukweli, na zilikuwa nyingi. Kigoda kile kinayumba kidogo, lakini mama yao hukaa juu yake kila siku apikapo.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita viliingia Goma, na kwa siku nyingi sikupata habari za mzee. Nilimwombea, na kila nilipofungua sanduku nilikumbuka mikono yake. Hatimaye simu ikapatikana. Nilimwuliza kuhusu nyumba, akasema iko, ingawa bati limetobolewa. Nilimwuliza kuhusu jamaa, akasema wapo. Nilisita kuuliza la tatu, naye akaniwahi: "Sanduku lipo, mwalimu. Na wewe, umenoa wiki hii?"

Msomaji mpenzi, Injili inatuambia kwamba Bwana wetu aliitwa mwana wa seremala, lakini haituambii kama Yosefu alikuwa na vyombo vingapi. Wewe unayetaka kuanza kazi ya mbao nyumbani kwako, usianze kwa kuhesabu. Nunua kidogo, kiwe cha kweli, kiwe chepesi kwa bega lako, nawe ujue kukinoa. Mengine utayaongeza pale kazi yenyewe itakapoyadai. Mimi nilikuwa na majina 32 katika karatasi, na mpaka leo nimeongeza mawili tu.